Yai la Shubiri

Émérance aliianza siku kwa fagio, kama wasichana wengi wa kijiji cha Wamaza. Alifagia uwanja kuanzia jikoni mpaka kwenye mihogo, akirudi kinyumenyume, maana mama yake, Marie-Louise, hakupenda kuona nyayo juu ya uwanja uliokwisha kufagiwa. Kisha alishika mtungi akaenda mtoni, akarudi, akaosha miguu, akanywa uji, akakimbilia shule ya misioni kabla kengele haijalia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hizo alizifanya huku akiimba.

Katika safari zote hizo alifuatwa na mbwa. Akienda mtoni, yupo. Akirudi, yupo. Akichelewa njiani kupiga gumzo na wenzake, mbwa huyo aliketi pembeni akamtazama kwa uvumilivu wa mzee anayemngoja mkewe sokoni. Alikuwa mwekundu kama udongo, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni. Jina lake lilikuwa Watasema.

Jina hilo alipewa na Théophile, babake Émérance. Siku Théophile alipomleta nyumbani akiwa mtoto wa mbwa, mbavu nje, majirani walicheka wakauliza kama ni mbwa au panzi. Théophile akajibu, "Acha. Watasema, kisha watanyamaza." Na kweli walinyamaza. Watasema alikua, akawa mbwa wa kwanza Wamaza nzima kwa kufukuza wanyama kuwaingiza nyavuni. Mbwa wa huko hawabweki, kwa hiyo wawindaji huwafunga shingoni kengele ya mti. Njiani kengele hujazwa majani ili isilie, na nyavu zikishatandazwa majani hutolewa. Hapo wanaume wote walitega masikio kusikia kengele ya Watasema, na kijiji kizima kilijua kwamba jioni kutakuwa na nyama.

Lakini hakuna aliyekamilika, hata mbwa. Watasema alikuwa mwizi wa mayai.

Na kama angeiba mayai ya nyumbani, yangekuwa mambo ya nyumbani. La, yeye aliyapenda ya jirani. Jirani huyo alikuwa Hemedi, fundi wa cherehani, mtu mrefu aliyetembea na utepe wa kupimia shingoni hata siku asizoshona. Hemedi na Théophile walikua pamoja, mmoja akienda msikitini na mwingine kanisani, na wote wawili wakirudi kuogelea mto mmoja. Hata sasa hawakuweza kukutana bila kutaniana. Théophile alisema suruali za Hemedi hupasuka mtu akikohoa. Hemedi alijibu kwamba mtu anayelima pamba ya serikali mwaka mzima huku makalio yake yako nje hana haki ya kusema suruali.

Utani ulikwisha siku Watasema alipoingia uwanjani kwa Hemedi, akapasua mayai matatu kwenye kiota, kisha akapanda barazani na kujifutia mdomo kwenye kanzu nyeupe iliyokuwa inangoja vifungo. Kwa Hemedi, mate ya mbwa ni najisi. Kanzu ile ilibidi ifuliwe na kufuliwa tena, na mwenye kanzu alikuwa anaingoja kwa sala ya Ijumaa.

Hemedi alikuja na kanzu mkononi. Hakutania.

"Théophile, ndugu yangu, mimi na wewe tumekula pamoja toka utoto," alisema. "Lakini mbwa yako ikirudi kwangu, itaona kitu. Nasema mbele ya watu."

Watu walikuwapo kweli, maana mahali penye kelele watu hawakosi. Théophile aliona haya. Alimfunga mbwa kamba, mbwa akaitafuna. Alimfunga nyingine, nayo ikaliwa. Jioni, wakila bugali, ugali wao wa mihogo, Théophile alitikisa kichwa akasema, "Nimechoka. Ikiiba yai moja tena, naipeleka Lusangi kwa mujomba. Kule ikaibe ya watu nisiowajua."

Émérance alilirudisha tonge sahanini. Lusangi ilikuwa mbali. Alimtazama Watasema aliyelala mlangoni, pua juu ya miguu, hana habari. Kumpoteza mbwa huyo kungekuwa sawa na kuupoteza mkono wa kulia, na usiku ule aliapa moyoni kwamba atamwachisha mayai yeye mwenyewe.

Sasa sikilizeni jinsi wazo lilivyomjia, maana halikuwa wazo la kijinga hata kidogo.

Pembeni mwa mlango wa nyumba yao, ndani ya sufuria kuukuu iliyotoboka, mama yake alipanda shubiri. Mnaijua: majani manene yenye miiba pembeni, ukilikata moja linatoa maji ya manjano, na ukiyaonja hayo maji utakunja uso mpaka kesho. Chipukizi lake lilitoka Kasongo, kwa shangazi Régina, na Marie-Louise aliitunza kuliko maua. Aliyeungua moto alipakwa utomvu wa ndani. Kuku wakianza kusinzia walitiliwa kipande kwenye maji ya kunywa. Na mwezi uliopita tu, André, mdogo wake Émérance, alipokuwa ameota meno ya kutosha kula bugali lakini bado anang'ang'ania ziwa, mama alijipaka shubiri kifuani. André alikuja mbio, akashika, akanyonya mara moja, akaachia. Alimtazama mama yake kama mtu aliyeuziwa chumvi akidhani sukari. Hakurudi tena.

"Kama imemwachisha André," Émérance alijiambia, "itashindwaje kumwachisha mbwa?"

Siku ya kwanza alikata kipande kidogo, akapaka yai kwa nje, akaliweka kwenye majani nyuma ya jikoni. Watasema alikuja, akanusa, akapiga chafya, akaondoka zake. Émérance akafurahi. Furaha haikudumu hata kidogo, kwani alipoinua macho alimwona Watasema anatoka upande wa Hemedi akijilamba. Yai chungu alikuwa ameliacha, akaenda kutafuta tamu. Bahati ni kwamba hakuna mwingine aliyemwona.

Émérance alikaa kitako akafikiri. Mbwa anajua kunusa kuliko mtu. Basi uchungu usiwe nje, uwe ndani.

Kesho yake alichukua yai la kuku wa mama yake. Alilitoboa kwa mwiba, akatoa ute na kiini ndani ya bakuli, akampikia André. Kisha akakata majani mawili ya shubiri, makubwa kuliko yote, akayasimamisha juu ya kikombe mpaka maji yote ya manjano yakatiririka. Aliyamimina ndani ya ganda, akaziba tundu kwa kipande cha bugali, akalifuta vizuri. Mtu asiyejua angesema ni yai lililotagwa sasa hivi.

Alfajiri iliyofuata, akienda mtoni, alipita nyuma ya nyumba ya Hemedi, akaliweka yai katika kiota kilekile anachokipenda Watasema. Watasema hakungoja. Alikuwa nyuma yake kama kawaida, na kabla Émérance hajageuka vizuri, yai lilikwisha kupasuka na kumezwa kwa mikupuo miwili, kama mlafi asiyetafuna. Hapo uchungu ukamfika. Mbwa alirudi nyuma, akatoa ulimi, akaufuta kwenye nyasi, akatikisa kichwa, povu likamtoka mdomoni. Émérance alicheka mpaka mtungi ukamteleza.

"Kesho utapita mbali," alimwambia.

Akaenda shuleni akiwa mwepesi wa moyo. Hata hesabu za kugawanya, ambazo humtoa jasho, siku hiyo zilimwendea vizuri.

Aliporudi mchana, hakuna mbwa aliyekuja kumpokea njiani.

Alimkuta nyuma ya jikoni, amelala ubavu kwenye majivu. Alikuwa ametapika, na amehara, na bado anahara, maji matupu. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumfuata mtu. Émérance alipomwita, mkia ulitikisika mara moja tu, ukaanguka. Msichana alipiga magoti kwenye majivu. Alijua mara moja ni nini, wala hakuhitaji kuambiwa.

Sauti za watu zilisikika upande wa Hemedi. Alikwenda mbio. Babake alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa jirani, ametoka shambani na jembe bado liko begani, na mkononi ameshika vipande vya ganda la yai. Mama yupo, na nusu ya kijiji ipo.

"Maganda haya nimeyapata ndani ya kiota chako," Théophile alikuwa anasema. "Harufu hii si ya yai. Nimegusisha ulimi, nimetema mate mpaka sasa. Hii ni sumu, Hemedi. Umetia sumu ndani ya yai ukaitegea mbwa yangu."

"Mimi?" Hemedi aliuliza.

"Ulisema itaona kitu. Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema. Mutu akikasirika anasema. Nilikuwa na maana ya fimbo, si sumu. Théophile, kuku zangu mwenyewe zinadonoa hapa. Watoto wanapita hapa."

"Tutaongea kwa sultani, mbele ya baraza," Théophile alijibu, maana kesi za Wamaza huamuliwa na chifu huyo. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisogea upande wa Théophile, wengine upande wa Hemedi, na kati yao pakabaki nafasi tupu, mahali ambapo jana watoto wa nyumba zote mbili walikuwa wanacheza.

Hemedi aligeuka huku na huku akitafuta shahidi. Macho yake yakamwangukia Émérance.

"Wewe mutoto, unapita hapa kila asubuhi na mutungi," alisema. "Useme. Uliniona mimi nikiipa mbwa ya baba yako kitu?"

Kila mtu alimtazama. Émérance alifungua mdomo. Neno lote lilikuwa pale kwenye ulimi, lakini alimwona babake na jembe lake, akaona watu wengi vile, akaogopa.

"Sikuona," alijibu.

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Hakumwona Hemedi akitoa kitu, na vilevile alijua vizuri kabisa nani alikitoa. Hemedi aliinamisha kichwa. Aliuvua ule utepe wa shingoni akauviringisha mkononi, kama mtu aliyekosa la kufanya na mikono yake, na Émérance akatamani ardhi ipasuke immeze.

Marie-Louise ndiye aliyekata maneno. Yeye ni mwanamke ambaye watu wakigombana juu ya moto, anakwenda kwanza kuchota maji.

"Muache baraza ya sultani," alisema. "Mbwa inakufa na ninyi munapigana maneno. Sumu iko ndani ya tumbo, basi tumbo isafishwe. Dawa ya kusafisha tumbo iko mulangoni kwangu. Émérance, kimbia, ukate jani ya shubiri, ile kubwa. Nitaisukuma mimi mwenyewe ndani ya koo."

Émérance alikimbia, kwa sababu miguu yake ilizoea kukimbia mama akisema. Alifika mlangoni. Alichukua kisu. Aliinama juu ya sufuria, na hapo akaona vishina viwili alivyokata jana, vimekauka ncha, vya kahawia, vinamtazama. Nyuma ya jikoni alisikia Watasema anakokota pumzi.

Kisu kilikuwa kizito. Kama angekata jani la tatu na kulipeleka, hakuna mtu angejua. Mama angemnywesha mbwa shubiri juu ya shubiri. Mbwa angekufa, Hemedi angepelekwa kwa sultani, na yeye Émérance angeendelea kufagia uwanja kila asubuhi, kinyumenyume, bila kuacha alama ya mguu. Wazo hilo lilimtisha kuliko fimbo ya mtu yeyote.

Alikiweka kisu chini, akarudi mikono mitupu.

"Jani iko wapi?" mama aliuliza.

"Mama, usiipe shubiri." Sauti ilitoka ndogo, basi akaisema tena kwa nguvu ili wote wasikie. "Usiipe. Ni shubiri iliyoifanya hivi. Ni mimi. Nilitoboa yai, nikatia maji ya majani mawili, nikaliweka ndani ya kiota ya Baba Hemedi. Nilitaka iache kuiba, kama André alivyoacha ziwa. Baba Hemedi hajui kitu."

Théophile alitazama vipande vya ganda mkononi mwake, akamtazama binti yake. Marie-Louise alikuwa amejishika kifua.

Ndipo mlango wa Hemedi ulipofunguka, akatokea mtu mnene amejifunga kikwembe, kitenge cha kike chenye maua makubwa. Alikuwa Grégoire, mganga wa dispensari. Suruali yake ya kazi ilikuwa mezani kwa Hemedi inashonwa, hana nyingine, na mke wa Hemedi alikuwa amemwazima kikwembe ajisitiri. Alikuwa amejificha ndani kwa haya tangu ugomvi uanze, lakini neno shubiri lilimtoa.

"Majani mangapi, umesema?" aliuliza.

"Mawili. Makubwa."

"Na ilikula saa ngapi?"

"Asubuhi, nikienda mutoni."

"Iko wapi hiyo mbwa?" akauliza, na tayari alikuwa anatembea, ameshika kikwembe kwa mkono mmoja kisianguke. Watu wengine walianza kucheka, lakini walimfuata. Alichuchumaa kwenye majivu, akaivuta ngozi ya shingo ya mbwa kwa vidole viwili, akaangalia inavyochelewa kurudi. Alimfungua mdomo akagusa ufizi.

"Mimi natibu watu," alisema, "lakini tumbo ni tumbo. Mbwa hii haina sumu ya mutu. Imekauka. Yale maji ya manjano, yanayokaa chini ya ganda ya jani, yanafungua tumbo hata ya mutu mukubwa mwenye nguvu. Na hii ni mbwa ndogo, imekunywa maji ya majani mawili kwa mara moja. Kila kitu kilichokuwa ndani yake kimetoka. Mama Émérance, kama ungeipa jani ya tatu, maji kidogo yaliyobaki yangetoka pia, na jua lisingetua nayo hai."

Marie-Louise aliketi chini palepale, juu ya uwanja wake safi. "Mimi ndiye ningeiua," alisema. "Kwa mukono yangu mwenyewe, nikidhani naiponya."

"Ungeiua bila kosa, kwa sababu hukujua," Grégoire alijibu. "Huyu mutoto ndiye alijua, naye amesema. Sasa nipeni maji yaliyochemka, yamepoa, na chumvi kidogo, na sukari kidogo kama iko."

Sukari ilikuwako kwa Hemedi. Aliileta mwenyewe, wala hakuna aliyemtuma. Émérance aliketi kwenye majivu, akakilaza kichwa cha Watasema mapajani mwake, akamdondoshea maji pembeni mwa mdomo kwa kijiko, polepole, kama Grégoire alivyomwonyesha. Kijiko cha kwanza kilimwagika. Cha pili pia. Kijiko kingine kilipoingia, koo la mbwa lilicheza. Amemeza.

Upande wa pili wa jikoni, Théophile alikuwa amesimama mbele ya Hemedi. Jembe alikwisha kuliweka chini.

"Nimekukosea," alisema. "Nimekuita mutu wa sumu mbele ya watu. Basi mbele ya watu haohao nasema: nimekosa."

Hemedi aliurudisha utepe wake shingoni. "Ulionja ganda," alisema. "Mutu anayedhani ni sumu, anaonja. Théophile, kwa akili hiyo ni Mungu tu anayekulinda." Na Théophile, ambaye alikuwa karibu kulia, akacheka.

Jua lilipoanza kulala Watasema aliinua kichwa. Kesho yake alisimama, akayumba, akajikojolea mguu, akalala tena, na Émérance alifurahi kana kwamba mbwa amecheza ngoma. Kila Grégoire alipopita kwa baiskeli, safari hii akiwa na suruali, alisimama kumtazama mgonjwa wake.

Siku moja Marie-Louise alimwuliza lile lililokuwa linamsumbua. "Sasa shubiri niing'oe? Mbwa inalala pembeni yake kila siku."

"Imelala pembeni yake tangu ilipokuja hapa, na haijaionja hata mara moja," Grégoire alisema. "Uchungu ndio mulinzi wake. Mbwa mukubwa ataipita. Huyu alidanganywa kwa yai. Ila mbwa changa inatafuna kila kitu, hata kiatu cha padri. Basi ipandishe juu. Paka watu walioungua, lakini usiipe mbwa hata kidogo. Si kila dawa ya mutu ni dawa ya munyama."

Basi sufuria ya shubiri ikafungwa kamba, ikatundikwa kwenye nguzo ya baraza, juu kuliko pua ya mbwa yeyote.

Adhabu ya Émérance haikuwa fimbo. Hemedi alitaka vikapu vya kutagia, vya kuning'inizwa chini ya paa ili kuku waruke na kutaga humo, na Émérance ndiye aliyetumwa kutafuta fito, kuzipasua, na kusuka mpaka vidole vikachubuka. Hemedi aliketi karibu naye akishona.

"Baba Hemedi," Émérance alisema siku moja bila kuinua macho, "siku ile uliniuliza, nikasema sikuona."

"Nakumbuka."

"Nilikuona unavua utepe. Inaniuma mpaka leo."

Hemedi alisimamisha gurudumu la cherehani. "Iache iume kidogo," alisema kwa upole. "Kisha ipone. Lete hicho kikapu nikione. Hiki ni kikapu au chujio?"

Vikapu vilipotundikwa, kuku walivizunguka siku nzima kwa mashaka, kisha mmoja akaruka, akaingia, akataga. Watasema alikaa chini yake akiangalia juu. Alikaa sana. Mwishowe aliondoka, kwa heshima aliyoweza kuikusanya.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, wanaume wakatoka na nyavu, kengele ya mti ikajazwa majani na kufungwa shingoni mwa Watasema. Émérance alibaki mwanzo wa msitu na wanawake. Walingoja. Kwanza hawakusikia kitu. Halafu, mbali, ikalia, kavu na ya haraka, ko-ko-ko-ko, na Émérance akaruka juu akapiga makofi.

Wakarudi na nyama ya kutosha kila jiko. Théophile alikuwa na kitu cha zaidi: kanga mzima, hai, aliyenaswa wavuni, amefungwa miguu kwa ugwe. Alikwenda naye moja kwa moja kwa Hemedi.

"Mbwa imemfukuza tu, haikumugusa kwa mudomo," alisema. "Nimemuleta hai ili umuchinje wewe mwenyewe, kwa jina la Mungu, ule na nyumba yako."

Hemedi alimpokea, akamgeuza, akayapenda madoadoa yake. "Muzuri hivi, nimuchinje? Hapana. Nitamufuga. Atanitagia."

Émérance alimtazama kanga. Kisha akamtazama Watasema, aliyekuwa ameketi nyuma ya mguu wa Théophile, masikio wima, macho hayatoki kwa kanga yule. Zamani angenyamaza, ashukuru kwamba hakuulizwa. Sasa alisogea mbele.

"Baba Hemedi, niko na neno. Kanga haruki kwenye kikapu kutaga. Kanga anataga chini, ndani ya majani. Na ninamujua mbwa yetu."

Watu wote wakamgeukia mbwa. Watasema akaangalia pembeni.

Hemedi alicheka mpaka utepe ukamdondoka shingoni. "Mama Zaina," alimwita mkewe, "lete kisu na uweke maji motoni. Leo tunakula kanga, na jirani wote wawe hapa."

Jioni hiyo walikula pamoja barazani kwa Hemedi, nyumba zote mbili, na Grégoire pia, maana mganga hakosi kusikia harufu ya mchuzi. Marie-Louise alimkatia binti yake kipande cha paja, akamwekea kwenye bugali.

"Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia. "Siku ile ulificha kidogo tu, tangu mchana mpaka nilipokutuma jani, na katika muda huo mdogo mbwa ilikaribia kufa, rafiki wawili wakakaribia kuachana, na mimi nikakaribia kuua. Ukikosea, useme. Usingoje uulizwe, usingoje watu wajae. Neno la kweli likichelewa linakuwa shubiri. Likisemwa mapema, kama lako la leo, angalia," akamwonyesha sahani, "linakuwa mboga."

Émérance alikula paja lake. Mfupa alimtupia Watasema, ambaye kwanza aliunusa kwa makini upande huu na upande ule, akahakikisha, ndipo akautafuna.